Nyumba ikigeuka karakana: gharama za nyumbani na kodi ya mjasiriamali wa Mgori

UKIPITA Mgori, wilaya ya Singida, baada ya mavuno ya alizeti, si rahisi kutofautisha nyumba ya kuishi na nyumba ya biashara. Chumba cha mbele kimejaa magunia. Barazani pana cherehani. Uani kuna matenga ya kuku wa kienyeji wanaosubiri gari la mjini, na jikoni, pembeni ya sufuria ya ugali, asali inajichuja taratibu kwenye kitambaa kuingia katika ndoo ya lita 20.

Mwenye nyumba hiyo halipi pango la fremu, na kwake hiyo ni nafuu kubwa. Lakini analipa umeme wa LUKU, vocha za simu, kuni, maji na fundi wa kuziba paa linalovuja juu ya magunia. Fedha hizo hutoka kwenye mfuko ule ule unaonunua chumvi na madaftari ya watoto. Siku anapoitwa kukadiriwa kodi, swali linalomjia ni la haki kabisa: je, gharama hizi haziwezi kuondolewa kwanza, ndipo kodi ipigwe kwenye kilichobaki?

Jibu ni kwamba sheria inaruhusu, ila wafanyabiashara wengi wa ukubwa wa Mgori hawaambulii kitu kutokana na ruhusa hiyo. Sababu yake imejificha katika namna kodi ya mtu mdogo inavyokokotolewa, na ni vyema ikafahamika kabla mtu hajapanda gari kwenda Singida mjini kubishana na ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Biashara ya kuanzia nyumbani si jambo geni katika eneo hili. Mgori imepakana na msitu mkubwa wa miombo wenye zaidi ya hekta 40,000, ambao katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vya jirani, vikiwamo Ngimu na Pohama, vilianza kuulinda na kuusimamia vyenyewe. Msitu huo ni wa nyuki, na nyuki ni asali na nta. Ukiongeza alizeti, vitunguu na kuku, mazao ambayo mkoa wa Singida unajulikana kwayo, unapata kaya ambayo miezi ya mvua iko shambani na miezi ya kiangazi inanunua, inachuja, inapakia na kuuza. Yote hayo hufanyika chini ya paa moja na watoto wanaolala.

Sheria inavyosema

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Julai 1 mwaka huo na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1973, inazungumzia gharama za biashara katika kifungu cha 11. Kanuni yake ni moja: gharama inayoweza kupunguzwa kwenye mapato ni ile iliyotumika yote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato ya biashara. Kifungu hicho hicho kinakataa matumizi ya mtu binafsi, yaani fedha za kujitunza mwenyewe, familia yake na nyumba yake.

Hapo ndipo penye mkwamo wa mtu anayefanyia kazi nyumbani. Balbu ya sebuleni inamulika mteja anayepima suruali, na pia inamulika mtoto anayesoma. Simu inampigia mnunuzi wa Dodoma, na inampigia shemeji. Gharama ya namna hiyo haikutumika "kwa ajili ya biashara tu", na ofisa akiikataa nzima nzima atakuwa na maneno ya sheria mkononi.

Namna ya kutoka ni kutenganisha. Vocha inayowekwa kwenye laini ya pili, inayotumika kwa wateja na wachuuzi peke yao, ni gharama ya biashara isiyo na ubishi. Chumba kilichotengwa, kina mlango wake, hakuna kitanda ndani wala sufuria ya chakula, ukarabati wake ni ukarabati wa biashara. Kwa mpakiaji wa asali utengaji huu una faida ya pili, kwa sababu wakaguzi wa ubora wa chakula nao hawapendi kukuta asali ya kuuza ikichujwa jikoni wanapopikia watu. Chumba kimoja kinajibu maswali ya ofisi mbili.

Kuna vitu visivyowezekana hata kwa kutenganisha. Mwenye nyumba hawezi kujilipa pango yeye mwenyewe na kuliita gharama. Vivyo hivyo jasho la mke au mume anayejaza chupa usiku bila malipo: ni kazi halisi, pengine ndiyo iliyobeba biashara nzima, lakini kwa kuwa hakuna fedha iliyotoka, kwenye vitabu vya kodi haionekani. Ni moja ya mambo ambayo hesabu za kodi hazijawahi kuwatendea haki wanawake wa vijijini.

Mkopo ni habari nyingine. Riba ya mkopo inakubalika kwa kadiri mkopo ulivyotumika kwenye biashara. Mtu akichukua Sh600,000 kwenye chama cha kuweka na kukopa, Sh400,000 akanunulia ndoo na chupa na Sh200,000 akamalizia ada ya shule, theluthi mbili ya riba ndiyo ya biashara. Theluthi moja ni ya nyumbani, hata kama marejesho yote yanatoka kwenye asali.

Kodi inayotazama mauzo

Sasa linakuja lile ambalo wengi hawaambiwi. Mfanyabiashara mdogo hapigiwi kodi kwenye faida, bali kwenye mauzo ya mwaka. Sheria ina jedwali maalumu la watu binafsi wakazi ambao mapato yao yote ni ya biashara iliyoko nchini. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipandisha ukomo wa jedwali hilo kutoka mauzo ya Sh20 milioni hadi Sh100 milioni kwa mwaka, hivyo karibu kila muuzaji wa kijijini akaingia humo.

Kwa viwango vilivyowekwa mwaka huo, mwenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni hakutakiwa kulipa chochote. Ni kundi hili ambalo Desemba 2018 lilianza kupewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa Sh20,000. Mwenye mauzo kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni alipangiwa Sh100,000 kama hana kumbukumbu, au asilimia tatu ya kiasi kinachozidi Sh4 milioni kama anazo. Kati ya Sh7 milioni na Sh11 milioni, asiye na kumbukumbu alipangiwa Sh250,000, na mwenye nazo Sh90,000 pamoja na asilimia tatu ya kinachozidi Sh7 milioni. Viwango vya kodi huguswa mara kwa mara na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kulipa ni lazima kuuliza jedwali la mwaka husika.

Katika jedwali hilo hakuna mahali pa kuandika umeme, vocha, kuni wala paa. Mauzo yakishajulikana, kodi imeshajulikana. Mtu anaweza kuwa ametumia laki tano nyumbani kwake kwa ajili ya biashara au hakutumia hata senti, kodi ni ile ile. Serikali ilifanya hivyo ili kumrahisishia mtu asiye na mhasibu, na kwa kweli inarahisisha. Lakini urahisi huo unalipiwa na yule mwenye gharama kubwa na faida nyembamba.

Yapo makundi mawili yasiyoingia kwenye jedwali. La kwanza ni la wanaouza huduma za kitaaluma na ushauri. La pili linawagusa wengi zaidi vijijini: kwa maneno ya sheria, jedwali ni la mtu ambaye mapato yake yote ni ya biashara. Mwalimu au mganga wa zahanati mwenye mshahara, ambaye jioni anapakia asali nyumbani kwake, ana mapato ya aina mbili. Huyu anatakiwa kufanya hesabu ya faida na hasara ya biashara yake, na kwake gharama za nyumbani zilizotenganishwa vizuri zina thamani tangu shilingi ya kwanza. Mshahara umeshakula sehemu isiyotozwa kodi, hivyo kila shilingi ya faida ya asali inatozwa kwa kiwango alichokwisha kukifikia.

Hesabu ya ndoo za asali

Chukua mfano wa mama mwenye biashara ya asali, mfano wa kufikirika lakini wenye tarakimu zinazoweza kukutwa popote. Kwa mwaka anauza lita 900 kwa Sh10,000 kila lita, jumla Sh9 milioni. Asali ghafi anainunua kwa warina kwa Sh6,000 lita moja, jumla Sh5.4 milioni. Chupa, vifuniko na lebo Sh700,000. Nauli na usafirishaji hadi mjini Sh600,000. Kinachobaki ni Sh2.3 milioni.

Ongeza gharama za nyumbani. LUKU Sh25,000 kwa mwezi, nusu yake ikiwa ya biashara, ni Sh150,000 kwa mwaka. Vocha Sh20,000 kwa mwezi, theluthi mbili za biashara, ni Sh160,000. Mwaka huo alisakafia na kuziba paa la chumba cha kupakia kwa Sh200,000. Jumla Sh510,000, na faida inashuka hadi Sh1.79 milioni.

Akiwa kwenye jedwali la mwaka 2019 bila kumbukumbu, kodi yake ni Sh250,000. Akiwa na kumbukumbu ni Sh90,000 jumlisha asilimia tatu ya Sh2 milioni, yaani Sh150,000. Daftari limemwokolea Sh100,000 bila yeye kutaja umeme wala simu.

Lakini sheria inampa mlango mwingine. Mtu anaweza kuchagua kutotumia jedwali, akatozwa kwa faida kama watu wengine binafsi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, faida ya mwaka isiyozidi Sh3.24 milioni haitozwi kodi, na inayofuata hadi Sh6.24 milioni inatozwa asilimia nane. Mama huyu mwenye faida ya Sh2.3 milioni hata kabla ya kugusa gharama za nyumbani hatalipa kitu. Akibaki kwenye jedwali amelipa Sh150,000 kwa faida ambayo, ingekuwa mshahara, isingekatwa hata senti.

Sasa mtazame jirani yake, fundi cherehani anayeuza Sh9 milioni vile vile, lakini kitambaa huletwa na mteja. Vifaa na gharama zake za moja kwa moja ni Sh3 milioni tu, faida Sh6 milioni. Akitoka kwenye jedwali, kodi yake ni asilimia nane ya Sh2.76 milioni, yaani Sh220,800. Akidai gharama za nyumbani Sh510,000 na zikakubaliwa zote, kodi inashuka hadi Sh180,000. Bado ni zaidi ya Sh150,000 za jedwali. Huyu abaki alipo.

Kwa mauzo ya Sh9 milioni mstari wa kugawanya unapita kwenye faida ya takriban Sh5.1 milioni. Aliye chini ya hapo anapoteza kwa kukaa kwenye jedwali, aliye juu yake ananufaika. Na gharama za nyumbani za nusu milioni, ambazo watu hubishania kwa uchungu, zimempunguzia fundi Sh40,800 tu. Tofauti ya kuwa na daftari na kutokuwa nalo ilikuwa Sh100,000. Anayetaka kuanza na kimoja aanze na daftari.

Mlango wa faida nao una gharama zake. Lazima kuwe na hesabu kamili, ritani ya mwaka na vielelezo vya kila matumizi. Asiyejua kuziandaa atamlipa mhasibu, na ujira wa mhasibu unaweza kumeza Sh150,000 zote zilizookolewa. Kwa mtu mmoja mmoja wa Mgori pengine haifai. Kwa kikundi cha warina asali kumi wenye mhasibu mmoja, wakigawana ujira, hesabu inabadilika.

Daftari, risiti na LUKU

Kumbukumbu zinazotakiwa si za ajabu. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 kinamtaka mlipakodi atunze nyaraka zinazoonyesha mapato na matumizi yake, na kuzihifadhi kwa miaka mitano. Daftari la mauzo ya kila siku, daftari la manunuzi, na bahasha ya risiti ndiyo msingi.

Tatizo la Mgori liko kwenye risiti. Mashine za kielektroniki za risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010, lakini mrina asali anayetoka msituni na ndoo hana mashine, na fundi wa paa hana pia. Kinachobaki ni hati ya malipo iliyoandikwa kwa mkono, yenye jina, kiasi, tarehe na sahihi au dole gumba la aliyepokea, na ikiwezekana malipo yafanywe kwa simu ili ujumbe ubaki. Ofisa anaweza kuikubali au kuikataa. Asiye na karatasi yoyote hana hata la kubishania. Chupa, saruji na mabati vinanunuliwa mjini, na huko hakuna udhuru wa kutodai risiti ya mashine.

Kwenye umeme kuna mtego ambao hauhusiani na TRA. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliwekewa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na wa daraja la matumizi ya kawaida, likiwamo la biashara ndogo, Sh292. Kaya iliyokuwa inawasha taa na kuchaji simu ikiingiza friji ya biashara au mashine ya kusindika hupita uniti 75, na familia nzima inaanza kununua umeme kwa bei ya karibu mara tatu, pamoja na taa ya mtoto anayesoma. Ongezeko hilo limeletwa na biashara, hata kama LUKU haionyeshi. Njia ya kulipima ni kuangalia uniti za miezi mitatu kabla ya mashine na miezi mitatu baada yake. Tofauti hiyo, iliyoandikwa, ni kielelezo chenye nguvu kuliko kusema "nusu kwa nusu". Akiweza kufunga mita ya pili kwenye chumba cha kazi, mjadala umekwisha.

Anayejenga chumba kipya asikichanganye na ukarabati. Kuziba paa la zamani ni gharama ya mwaka huo huo. Kusimamisha stoo mpya ni rasilimali, na thamani yake hupunguzwa kidogo kidogo kwenye hesabu. Kwa majengo ya kilimo na ufugaji sheria inaruhusu asilimia 20 kwa mwaka, kwa majengo mengine asilimia tano. Stoo ya Sh2 milioni ya kuhifadhi mazao ya shamba lake mwenyewe inaondoa Sh400,000 kila mwaka kwa miaka mitano. Stoo ya bei hiyo hiyo kwa ajili ya biashara ya duka inaondoa Sh100,000 kwa miaka 20.

Kwingineko mambo yamepangwa tofauti. Uingereza tangu mwaka 2013 imemruhusu mtu aliyejiajiri kudai kiwango kisichohitaji risiti kwa saa anazofanyia kazi nyumbani: pauni 10 kwa mwezi akifikisha saa 25, pauni 18 akifikisha 51, na pauni 26 akifikisha 101. Kenya iko karibu zaidi na Tanzania: kodi yake ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo, iliyopandishwa hadi asilimia tatu mwaka 2023, nayo haipokei gharama yoyote. Kiwango cha mkato cha namna ya Uingereza, kikiingizwa kwenye jedwali la Tanzania, kingemsaidia mpakiaji wa asali bila kumwongezea ofisa wa kodi kazi ya kuhesabu balbu.

Hadi hapo, faida kubwa ya kuandika gharama za nyumbani iko kwenye bei. Zile Sh510,000 za mama wa asali, zikigawanywa kwa lita 900, ni kama Sh567 kwa kila lita. Mchuuzi wa Dodoma akimbembeleza apunguze hadi Sh8,000, hesabu yake ya kichwani itamwambia bado anapata zaidi ya Sh500: asali Sh6,000, chupa, lebo na nauli karibu Sh1,450. Ukiingiza LUKU, vocha na sakafu, hakibaki kitu, anapata hasara ya zaidi ya Sh10 kwa lita, na kodi ya Sh150,000, ambayo ni Sh167 kwa lita, bado haijalipwa.

Kodi ya jedwali hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Makadirio hufanywa mapema mwakani, na anayekusudia kutozwa kwa faida anatakiwa kulisema hapo mwanzoni, akiwa na daftari la mwaka uliopita mkononi.